Watoto wetu wakienda ng'ambo, watabeba nini?

Mtoto akipata nafasi ya kusoma nje, nyumba nzima hugeuka ofisi. Baba anahangaikia ada, mama ananunua sweta, shangazi anauliza kama huko unga wa sembe unapatikana, na mjomba aliyewahi kufika Ulaya mara moja anakuwa mshauri wa kila jambo. Mizigo inapimwa na kupimwa tena isije ikazidi kilo za ndege. Ila kuna mzigo mmoja ambao hatuupandishi kwenye mizani, na huo ndio ninaotaka tuuzungumze wiki hii, msomaji wangu. Ni lugha, mila na sikukuu za kwao ambazo mtoto anaondoka nazo, au anaondoka bila hizo.

Somo hili nililipata kwa Wahindi, tena nililipatia Uingereza.

Mimi ni mwalimu wa sekondari na mama wa watoto wawili. Septemba 2022 nilikwenda Leicester, mji ulio katikati ya Uingereza, kusoma shahada ya uzamili ya mwaka mmoja kwa ufadhili. Watoto niliwaacha Lushoto kwa mama yangu mzazi. Nyumba niliyopanga ilikuwa na vyumba vitano na jiko moja, na wapangaji wenzangu wanne walikuwa wasichana kutoka India, wote wa umri kati ya miaka 22 na 25. Mimi nilikuwa na miaka 38, hivyo wiki ya kwanza tu wakaacha kuniita jina langu. Wa Gujarat akaniita didi, wa Tamil Nadu akaniita akka, wa Kerala akaniita chechi, na wa Hyderabad akaniita apa. Maneno manne, maana yake moja: dada mkubwa.

Hapo ndipo mazungumzo yetu yalipoanzia. Sisi huku tumezoea kusema "Wahindi" kana kwamba ni kabila moja. Wale wasichana wanne walikuwa na lugha nne za nyumbani: Kigujarati, Kitamil, Kimalayalam na Kiurdu. Wa Gujarat na wa Hyderabad walielewana kwa Kihindi. Wa Tamil Nadu na wa Kerala Kihindi chao kilikuwa cha kuombea maji. Kwa hiyo wakikaa wote mezani walizungumza Kiingereza. Waliponiuliza nchi yangu ina makabila mangapi, nikawaambia ni zaidi ya 120, na kwamba Mmakonde na Mhaya wakikutana stendi wanaelewana kwa Kiswahili, lugha isiyotoka kwa mkoloni, walinitazama kwa wivu kidogo. Nikafurahi moyoni.

Hata dini hawakuwa na moja. Hapa tutenganishe maneno mawili yanayochanganywa sana: Mhindi ni mtu wa India, Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Wa Gujarat na wa Tamil Nadu walikuwa Wahindu. Wa Kerala alikuwa Mkristo, na kwao Ukristo ni wa karne nyingi, haukuja na Mwingereza. Wa Hyderabad alikuwa Mwislamu wa swala tano.

Leicester nao si mji wa kawaida. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka nchini. Wengi walikuwa na pasi za Uingereza, na maelfu yao wakaelekea huko. Halmashauri ya Leicester ikachapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus ikiwashauri wasiende kwenye mji huo, kwamba nyumba, shule na huduma zimejaa. Wakaenda. Leo Barabara ya Belgrave, ambayo wenyeji wanaiita Golden Mile, imejaa maduka ya sari, ya dhahabu na ya vitamu, na sherehe za Diwali za mtaa huo zinatajwa miongoni mwa kubwa kabisa nje ya India.

Katika duka moja la viungo la barabara hiyo nilikutana na bibi mmoja wa Kigujarati. Aliponisikia nikizungumza na mama yangu kwa simu alisubiri nimalize, kisha akaniambia kwa Kiswahili cha zamani, "Karibu mama. Habari ya nyumbani? Mimi mtu ya Jinja." Machozi yalinilengalenga. Alikuja Leicester akiwa msichana, akafanya kazi kiwandani pamoja na mama yake. Nilimuuliza waliwezaje. Akasema mwaka wa kwanza walikodi ukumbi wa shule, wanawake wakapika majumbani, wakacheza ngoma yao ya garba wakiwa wamevaa masweta juu ya sari. "Baridi iko, pesa hapana iko, lakini kucheza tulicheza," alisema. Nikamnunulia iliki, akaniongezea kiganja kizima bure.

Lakini sitaki msomaji adhani nilikwenda kwenye harusi ya mwaka mzima. Mwezi niliofika, mji ule ulikuwa moto. Mwishoni mwa Agosti 2022 timu za kriketi za India na Pakistan zilikuwa zimecheza kwenye Kombe la Asia. Vurugu zikaanzia hapo na kufikia kilele mwishoni mwa wiki ya tarehe 17 na 18 Septemba, vijana wa Kihindu na wa Kiislamu wakipambana upande wa mashariki wa mji, polisi wakiwa katikati yao. Uvumi ulipita kwenye simu haraka kuliko habari za kweli.

Uvumi huo uliingia hadi jikoni kwetu. Mama wa yule binti wa Hyderabad alipiga simu usiku kuuliza kama mlango wa chumba chake una kufuli. Baba wa yule wa Gujarat alipiga asubuhi kuuliza hilohilo. Wazazi wawili, kila mmoja akimwogopa mtoto wa mwenzake, na watoto wenyewe wamelala wametenganishwa na ukuta mmoja. Mabinti hawakugombana, waliacha tu kuzungumza. Mmoja akiingia jikoni, mwingine alikumbuka ghafla ana kazi chumbani. Sukari waliyokuwa wakichangia ikagawanywa kwenye makopo mawili.

Nilikuwa mkubwa wao, lakini ugomvi ule haukuwa wangu kuamua. Nilichofanya ni kupika maharage ya nazi kila Jumapili, sufuria kubwa, na kuweka mezani sahani tano. Binti wa Gujarat hali nyama wala mayai. Wa Hyderabad hali nyama isiyochinjwa kwa utaratibu wa dini yake. Maharage ya nazi hayana neno na dini yoyote. Walikuja wote, wakala kimya, wakaosha vyombo. Wiki ya pili hivyohivyo.

Tarehe 26 Septemba ikaanza Navratri, mausiku tisa ya kumwadhimisha mungu wao wa kike. Hapo niliona jinsi watu wa nchi moja wanavyoisherehekea sikukuu moja kwa njia mbalimbali. Binti wa Gujarat alifungua sanduku akatoa sketi pana iliyoshonewa vioo vidogovidogo. Sketi hiyo peke yake ilikuwa imekula kilo kadhaa za mzigo wake wa ndege, na mama yake ndiye aliyeisisitiza. Kila usiku alikwenda kwenye ukumbi kucheza garba, watu wakizunguka duara baada ya duara, wakipiga makofi, katikati wakiwa wameweka taa au picha ya mungu wao. Unesco iliiingiza garba kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2023, lakini kwa yule binti ilikuwa ngoma ya nyumbani tu, kama mdumange kwa Msambaa. Alinichukua usiku mmoja. Kulikuwa na wanafunzi, akina bibi, watoto wa miaka minne, Wazungu wachache na mimi. Hakuna aliyeuliza nimefuata nini.

Binti wa Tamil Nadu hakucheza kabisa. Kwao mausiku hayo hupangwa wanasesere kwenye ngazi, ngazi ya chini hadi ya juu, na majirani huja kuwaona. Hakuwa na ngazi wala wanasesere. Akapanga maboksi matatu ya kadibodi, akayafunika kwa mtandio, akaweka vitu alivyokuwa navyo: sanamu ndogo ya Ganesha, tembo wa mbao, kikombe cha kutoka uwanja wa ndege, na twiga niliyempa mimi. Akampigia mama yake simu ya video amwonyeshe. Mama alimtazama twiga yule kwa muda mrefu, akasema jambo kwa Kitamil, wote wakacheka. Nilitafsiriwa kwamba amesema mwaka huu mgeni ametoka mbali.

Oktoba ilipofika wanafunzi wa Kerala wakafanya Onam yao. Onam ni sikukuu ya mavuno, na yenyewe ilikuwa imepita mapema Septemba, lakini wengi walikuwa hawajafika wakati huo, wakaamua kuila kwa kuchelewa. Inasimuliwa kwamba Mfalme Mahabali, aliyetawala kwa haki, huruhusiwa siku hiyo kurudi kuwatazama watu wake. Ndiyo maana nyumba husafishwa na chakula hujazwa, ili mfalme asikute watu wake wana njaa. Na Onam kule Kerala husherehekewa na watu wa dini zote. Tulikaa kwa safu, tukaandaliwa wali na mboga za aina nyingi juu ya jani la mgomba, tukala kwa mkono. Majani yenyewe yalikuwa yamenunuliwa kwenye duka la Kiasia, yamegandishwa kama samaki.

Siku hiyo niligundua jambo kuhusu binti wetu wa Kerala. Alikuwa muuguzi kwao, na familia ilikuwa imechukua mkopo benki ili aje kusoma. Sheria inamruhusu mwanafunzi wa shahada aliyetoka nje ya Uingereza kufanya kazi hadi saa 20 kwa wiki katika kipindi cha masomo, na yeye alizimaliza zote, zamu za usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee. Alikuwa akila mkate na chai ili atume pesa nyumbani. Sisi tuliokaa naye nyumba moja tulimwona mchovu tu. Akina mama wa Kimalayalam waliokuwa wakipakua chakula walimtazama mara moja wakajua. Aliondoka na makopo manne ya chakula, na tangu wiki ile kila Ijumaa alikuwepo mtu wa kumpigia simu: "Mwanangu, njoo upitie chakula." Kama isingekuwa sikukuu ile, wale akina mama wangemjulia wapi?

Diwali mwaka ule iliangukia Jumatatu, tarehe 24 Oktoba. Uingereza siku hiyo si ya mapumziko, kwa hiyo vipindi viliendelea kama kawaida. Saa kumi alfajiri niliamshwa na harufu ya mafuta ya ufuta. Alikuwa binti wa Tamil Nadu. Kwao Diwali huanza kabla jua halijachomoza, kwa kujipaka mafuta mwili na nywele, kisha kuoga na kuvaa nguo mpya, kukumbuka Krishna alivyolishinda jitu Narakasura. Kaskazini mwa India wanakumbuka habari nyingine, ya Rama kurudi kwao Ayodhya baada ya miaka 14 uhamishoni, watu wakimwashia taa njiani. Kwa Wagujarati wengi huo pia ni mwisho wa mwaka, na wafanyabiashara hufungua madaftari mapya ya hesabu kwa sala. Wenye maduka ya zamani ya Kariakoo na Kisutu wanalijua hilo.

Mkataba wa nyumba yetu ulikataza mishumaa na ubani vyumbani, na king'ora cha moshi kililia hata ukiunguza mkate. Binti wa Gujarat akanunua taa ndogo za betri, akazipanga dirishani. Jioni, baada ya kipindi, alichuchumaa kwenye kizingiti cha mlango wa mbele akiwa na bakuli la unga wa mchele na vikopo vya rangi, aanze kuchora rangoli, yale maua ya sakafuni ya kukaribishia heri. Mkono ulikuwa unamtetemeka kwa baridi. Mstari ukaenda upogo.

Binti wa Hyderabad alikuwa anarudi kutoka maktaba. Alisimama, maana mlango ulikuwa umezibwa. Nilikuwa ngazini, nikashika pumzi. Akatazama chini kwa muda, kisha akasema, "Mistari yako imepinda. Jirani yetu nyumbani huchora kila asubuhi, na hupinda kidogo kuliko hivyo." Nikasema moyoni, leo ndiyo leo. Yule wa Gujarat akainua uso, akamsogezea bakuli. "Basi chora wewe."

Akavua glavu, akachuchumaa. Kumbe kule kwao pia mambo hayo yapo, wanayaita muggu, na akiwa mtoto alikuwa akimsaidia jirani kuweka nukta. Dakika tano baadaye akaja wa Tamil Nadu akadai wote wawili hawajui, kwamba ya kweli ni kolam ya kwao, nyeupe tupu, bila rangi. Wakabishana watatu pale chini kwa Kiingereza na Kihindi na vidole. Wa Kerala akatoka na chai. Usiku mvua ikanyesha ikaufuta mchoro wote, na asubuhi wakabishana tena ni wa nani ungedumu zaidi.

Sitadanganya kwamba ubaya wa mji uliisha kwa unga wa mchele. Wale wawili hawakuzungumzia mambo ya Septemba hata mara moja mbele yangu. Ila makopo ya sukari yalirudi kuwa moja.

Usiku huohuo tulisikia kwenye redio kwamba Rishi Sunak amechaguliwa kuongoza chama chake, na kesho yake akawa Waziri Mkuu wa Uingereza wa kwanza mwenye asili ya India. Mabinti walifurahi, wakabishana kuhusu siasa zake. Mimi nikawaambia kitu ambacho hawakukijua: baba yake alizaliwa Kenya na mama yake alizaliwa Tanganyika. "Kwa hiyo didi, leo ni sikukuu yako pia," akasema wa Gujarat. Tukacheka sana.

Lakini neno lile lilinikaa. Siku chache baadaye tukiwa tunaosha vyombo, wa Hyderabad akaniuliza swali rahisi kabisa: "Apa, sisi tumekuonyesha zetu zote. Yako ni lini?"

Msomaji, jaribu kulijibu wewe. Krismasi na Pasaka, Idi na Maulidi, hizo tunashirikiana na dunia nzima. Nikawaambia juu ya tarehe 9 Desemba, siku ya Uhuru. Wakauliza, "Mnakula nini? Mnavaa nini? Bibi yako alikuwa anafanyaje?" Nikaanza kuwaeleza habari za Lushoto: ngoma ya mdumange, mama yangu anavyomwita mjukuu wake kwa jina la babu, ndizi mbichi zinavyopikwa siku ya msiba na siku ya furaha. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoona utajiri tulio nao, na ndivyo nilivyoingiwa na swali jingine: wanangu wanalijua lipi katika haya?

Desemba 9 ilipofika nilipika pilau la jikoni kwetu, la viazi na viungo, bila nyama, na kachumbari pembeni. Watanzania tuliokuwa tunafahamiana walikuja watatu. Binti wa Gujarat alionja akasema pilau hili analijua, ila limeenda safari ndefu. Tukahesabu maneno tuliyoyakuta kwao na kwetu: chapati, gari, bima, laki, pesa. Rangi wao huiita rang. Bahari imewapitisha watu na maneno yao miaka mingi kabla yetu.

Mwaka uliendelea. Katikati ya Januari Mtamil alipika Pongal, mchele mpya uliochemshwa kwa maziwa na sukari guru, na kwa desturi yao akaacha maziwa yafure na kumwagika. Jiko la umeme lilichukua jioni nzima kusafishwa. Machi 8 ilikuwa Holi, wanafunzi wakapakana rangi uwanjani kwenye baridi ya kuuma mifupa, na wengi wa waliokuja hawakuwa Wahindi. Machi hiyohiyo ikaingia Ramadhani. Jioni ya tatu nilimkuta yule wa Gujarat jikoni akikaanga bajia za viazi, dakika chache kabla ya magharibi. Hakuombwa na mtu. Alinieleza kwa sauti ndogo, "Didi, amefunga tangu usiku, na ana mtihani." Siku ya Idi sote watano tulivaa nguo mpya, na mama wa Hyderabad, yule aliyeuliza habari za kufuli, alimwomba bintiye azungushe simu ili amwone kila mmoja na amtakie heri.

Si kila nilichokiona ni cha kuigwa. Vyama vingine vya wanafunzi vilijigawa kwa majimbo na lugha, na wapo waliokwenda kwenye sherehe za wenzao wa nyumbani tu, mwaka ukaisha bila rafiki mgeni hata mmoja. Tiketi za baadhi ya sherehe zilikuwa ghali, na mwenye mkopo alibaki chumbani. Yapo pia mambo ya kwao, kama matabaka ya kuzaliwa na mahari ya kulipwa na upande wa binti, ambayo mabinti wenyewe waliyasema kwa uchungu na kuapa kutoyabeba. Nalo hilo ni somo: mila ni mzigo unaoruhusiwa kuupunguza unapofungasha.

Nilichokiheshimu ni kwamba walikuwa na cha kuchagua. Nyuma ya kila sikukuu niliyoiona palikuwa na mzazi kwenye simu. Mama wa Gujarat alisimamia barfi kupitia skrini, "moto upunguze, usiache kukoroga." Mama wa Chennai aliimba ubeti na binti akamalizia. Wale wasichana hawakujifunza mambo hayo Leicester. Walijifunza wakiwa wadogo, kwa kutumwa kuokota maua, kuweka nukta za unga, kugawa vitamu kwa majirani. Walipofika ugenini mikono ilikumbuka yenyewe.

Basi Februari ile nilimwomba mama yangu jambo moja. Kila Jumamosi nikipiga simu, wanangu wanisalimie kwa Kisambaa kwanza, ndipo tuendelee kwa Kiswahili. Mwanangu mkubwa alilalamika kwamba shuleni watamcheka. Bibi yake akamwambia shuleni hawapigi simu nyumbani kwake. Wiki za mwanzo ilikuwa salamu tu. Mei, mdogo, mwenye miaka saba, akanisimulia kwa Kisambaa habari nzima ya mbuzi aliyekula daftari la kaka yake. Alikosea maneno mengi, na sijawahi kusikia hadithi tamu kama ile.

Mzazi mwenzangu, kama una mtoto unayemwandalia safari ya kusoma, iwe Uingereza, India, China au hata Dodoma, nina machache ya kukuomba. Mfundishe kupika angalau chakula kimoja cha kwenu, toka mwanzo hadi mwisho, bila wewe kushika mwiko. Chakula ndicho mlango wa kwanza wa kukaribisha na kukaribishwa. Mpe siku moja katika mwaka ambayo nyumba yenu ina desturi yake, hata ikiwa ni siku ya kumkumbuka babu, na umweleze sababu yake. Siku hiyo ikifika akiwa mbali, mpigie simu mapema. Zungumza naye lugha ya bibi yake hata kama anajibu kwa Kiswahili. Na umwambie kwamba akialikwa kwenye sikukuu ya mwenzake, aende, akae chini, aulize, ale. Kwenda huko hakumtoi kwenye dini yake. Binti wa Hyderabad aliifunga Ramadhani yake yote, na mkono wake ndio uliokuwa umenyoosha mistari ya Diwali.

Usisubiri apate viza. Mtoto wa miaka saba anaweza kupepeta mchele Jumamosi hii, na anaweza kuuliza kwa nini tunaimba wimbo huu na si ule. Kama jibu hulijui, bado yupo mtu katika ukoo wenu anayelijua. Mpigie leo, angali anapokea simu.